Serikali Ikilipa Ada ya Chuo, Ilipe na Nini Kingine?

Kijana wa familia maskini nchini Marekani anaweza kusoma chuo cha jamii leo hii bila kutoa ada mfukoni. Wengi hawalijui hilo, hata Wamarekani wenyewe, na ndiyo maana mjadala wa kufuta ada katika vyuo hivyo huenda mrama mapema. Hesabu yake ni hii. Ada ya mwaka katika chuo cha jamii cha umma, kwa mkazi wa eneo husika, ni wastani wa takriban dola 4,000. Ruzuku ya Pell, ambayo serikali kuu humpa mwanafunzi wa kipato cha chini na ambayo hairejeshwi kama mkopo, imefikia dola 7,395 kwa mwaka kwa anayestahili kiwango cha juu na kusoma muda wote. Ada inalipika, na chenji inabaki.

Basi kwa nini ni takriban watatu tu kati ya kumi wanaoanza masomo ya muda wote katika vyuo hivi wanaomaliza stashahada au cheti chao pale pale ndani ya miaka mitatu? Swali hilo ndilo linalonifanya niunge mkono serikali kulipa, na papo hapo nipinge namna majimbo mengi yanavyolipa.

Chuo cha jamii ni chuo cha umma cha miaka miwili kinachompokea karibu kila aliyemaliza sekondari, bila mchujo mkali wa alama. Hapo watu husomea uuguzi, ufundi wa magari, uchomeleaji, uhasibu na Kiingereza cha wageni. Wengine husoma masomo ya miaka miwili ya mwanzo ya shahada, kisha huhamia chuo kikuu. Kikongwe zaidi ni kile cha Joliet, Illinois, kilichoanza mwaka 1901, na leo vipo takriban elfu moja nchi nzima. Wazo la kuvifanya vya bure si geni hata kidogo. Mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Harry Truman ilipendekeza elimu ya umma iwe bure hadi miaka miwili baada ya sekondari, na California kwa miongo mingi haikuwatoza wakazi wake ada ya masomo. Kilichoivunja California ni kodi. Mwaka 1978 wapiga kura walipitisha Pendekezo la 13 lililobana kodi ya majengo na ardhi, hazina za mitaa zikakauka, na kufikia 1984 vyuo vikaanza kutoza dola 5 kwa kila uniti ya masomo, mwisho dola 50 kwa muhula. Leo uniti moja ni dola 46. Yeyote anayetaka kuahidi elimu ya bure angeanza kwa kusoma historia hiyo, kwa sababu inaonyesha jinsi ahadi isiyo na chanzo chake cha fedha inavyoondoka siku bajeti inapobana.

Mjadala wa sasa uliamshwa na jimbo ambalo wengi wasingelitarajia. Mwaka 2014 Bill Haslam, gavana wa Tennessee kutoka chama cha Republican, alitia saini mpango uitwao Tennessee Promise, unaogharimiwa na mfuko uliotokana na akiba ya bahati nasibu ya jimbo. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 2015. Januari mwaka huo Rais Barack Obama alikwenda Knoxville, katika jimbo hilohilo, kutangaza mpango wa nchi nzima ambao serikali kuu ingebeba robo tatu ya gharama na majimbo yangebeba iliyobaki. Bunge halikuupitisha. Joe Biden akaja na wake mwaka 2021, wa dola bilioni 109 kwa miaka kumi, nao ukaondolewa kwenye muswada mwezi Oktoba ili kupunguza gharama, ingawa mke wa rais mwenyewe alikuwa mwalimu wa chuo cha jamii huko Virginia. Tangu hapo mzigo umebaki kwa majimbo, kila moja na mtindo wake.

Mtindo wa Tennessee ndio ulioigwa zaidi, na ndio nisioupenda. Mwanafunzi hujaza fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada, maarufu kama FAFSA. Hukutanishwa na mlezi wa kujitolea, na kila muhula hutoa saa nane za kazi ya kujitolea katika jamii. Likija suala la fedha, jimbo hukaa mwisho wa foleni. Pell huingia kwanza, na ruzuku nyingine huifuata, kisha jimbo hujazia kile tu kilichopungua kwenye ada. Sasa wachukue wasichana wawili wa darasa moja. Wa kwanza baba yake ni mhasibu mwenye mshahara mzuri, Pell hapati, kwa hiyo jimbo linamlipia ada yote. Wa pili mama yake anafanya usafi hospitalini. Pell imeshaimaliza ada yake, kwa hiyo mpango mpya haumwongezei hata senti. Wote wawili wameambiwa wanasoma bure, na wote wawili hawadaiwi na chuo, lakini fedha mpya ya umma imekwenda kwa yule ambaye angeweza kulipa.

Hata hivyo, mpango huo ulifanya jambo ambalo hesabu hiyo peke yake isingelitabiri. Katika mwaka wake wa kwanza, idadi ya wanafunzi wapya katika vyuo vya jamii vya Tennessee iliongezeka kwa takriban robo. Walikuja wakati ada kwa wengi wa maskini ilikuwa tayari inalipwa, kwa sababu safari hii mtu alisimama mbele yao akawaambia kwa sentensi moja kwamba hawatadaiwa. Uthibitisho bora wa nguvu ya sentensi hiyo umetoka Chuo Kikuu cha Michigan. Mchumi Susan Dynarski na wenzake waliandikia barua wanafunzi wa sekondari wenye alama nzuri na kipato kidogo, wakiwahakikishia mapema kwamba wakikubaliwa hawatalipa ada. Fedha hazikuongezwa, kwani wengi wao wangepewa msaada uleule kwa njia ya kawaida, baada ya fomu ndefu na miezi ya kusubiri. Katika kundi lililopata barua, asilimia 68 waliomba nafasi, ukilinganisha na 26 katika kundi lisiloandikiwa. Waliojiandikisha walikuwa asilimia 27 kwa 12.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema serikali imlipie maskini tu, na tajiri ajitegemee. Inasikika kama haki. Lakini kila unapoweka mlango wa kupima nani maskini, unaweka pia fomu, na fomu humfukuza kwanza yule uliyemlenga: mtoto ambaye mzazi wake hakuwahi kusoma chuo, hana risiti za kodi zilizopangwa vizuri, na anaogopa kuandika jambo litakalomletea matatizo. Kodi ya mapato ndiyo mahali pa kumpima tajiri. Mlangoni mwa chuo, ahadi iwe moja kwa wote.

Pingamizi zito zaidi ni jingine. Bei ya bure inaweza kumvuta kijana aliyekuwa aende chuo kikuu cha miaka minne, akaishia pahala penye rasilimali chache. Si hofu ya kubuni. Massachusetts ilipotoa ufadhili wa ada kwa wanafunzi wenye alama nzuri iwapo wangesoma vyuo vya umma vya jimbo, Sarah Cohodes na Joshua Goodman waligundua kwamba baadhi yao waliacha vyuo bora zaidi ili kufuata ufadhili huo, na uwezekano wao wa kuhitimu ukapungua. Wengi wanaoingia chuo cha jamii wanasema wanataka shahada, lakini wanaoipata ndani ya miaka sita ni takriban 16 kati ya kila mia. Kumwalika kijana kwa bei nafuu kisha kumwacha apotee ndani ni kumdhulumu miaka yake.

Hapo ndipo naomba msomaji akae nami kwa utulivu, kwa sababu dawa ipo na imepimwa. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilianzisha katika vyuo vyake vya jamii mpango uitwao ASAP. Taasisi ya utafiti ya MDRC iliupima kwa njia ya kura: wanafunzi wa kipato cha chini waliohitaji masomo ya kuziba mapengo ya sekondari wakagawanywa makundi mawili kwa bahati tu. Kundi moja likaendelea na utaratibu wa kawaida. Kundi la pili likatakiwa kusoma muda wote. Pengo lolote la ada lililobaki likafutwa, vitabu vikatolewa bure, na kila mwezi mwanafunzi akapewa kadi ya kupandia treni na basi za jiji, kwa sharti kwamba anatimiza wajibu wake, ikiwemo kumwona mshauri wake wa masomo.

Ukiitazama kadi hiyo kwa karibu, utaona akili iliyotumika. Mwanafunzi wa New York asiye na nauli hafiki darasani, kwa hiyo kadi ni msaada halisi. Lakini pia inamleta kwa mshauri kila mara, hata mwezi ambao anajisikia aibu kwa kufeli hesabu na angependa kutoweka kimyakimya. Na mshauri huyo anamjua. Katika utafiti huo mshauri wa ASAP alihudumia wanafunzi 60 hadi 80, wakati mshauri wa kawaida alikuwa na kati ya 600 na 1,500. Mwenye wanafunzi elfu moja hawezi kujua kwamba mmoja wao amepangiwa zamu za usiku kazini na atakosa mtihani wa Jumatano.

Baada ya miaka mitatu waliohitimu walikuwa asilimia 40, dhidi ya 22 katika kundi la kawaida. Gharama iliongezeka kwa takriban dola 16,300 kwa kila mwanafunzi, fedha nyingi, ila kwa kuwa wahitimu walikaribia kuongezeka maradufu, gharama ya kumpata mhitimu mmoja ikawa ndogo kuliko kwa utaratibu wa kawaida. Vyuo vitatu vya Ohio vikaiga, navyo vikapata matokeo yanayofanana. Utafiti wa David Deming na Christopher Walters uliolinganisha vyuo vya umma nchini kote unaelekea upande huohuo: dola inayotumika ndani ya chuo, kwa walimu na huduma, huongeza uandikishaji na wahitimu zaidi kuliko dola inayotumika kushusha ada.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, serikali ilipe, lakini iache kukaa mwisho wa foleni. Ilipe ada kwanza, ili Pell ibaki mkononi mwa mwanafunzi kwa ajili ya kodi ya nyumba, chakula, vitabu na malezi ya mtoto. New Mexico imefanya hivyo kwa sheria ya mwaka 2022, na ikajumuisha watu wazima wanaorudi shule pamoja na vyuo vya miaka minne, jambo linalopunguza ile hatari ya kijana kuvutwa chini. Massachusetts ilifuta ada ya vyuo vya jamii kwa wakazi wasio na shahada mwaka 2024, ikaongeza posho ya vitabu na mahitaji kwa wenye kipato kidogo, na ina chanzo cha fedha kinachojulikana: kodi ya ziada ya asilimia 4 kwa mapato yanayozidi dola milioni moja, iliyopitishwa na wapiga kura mwaka 2022. Na jimbo ambalo halina fedha za yote mawili, la kufuta ada na la kuajiri washauri, lianze na washauri.

Kuna watu wetu ndani ya habari hii. Wakongomani, Wakenya, Watanzania na Warundi walioko Marekani wamepita kwa wingi katika madarasa ya Kiingereza na uuguzi ya vyuo hivi, mara nyingi baada ya zamu ya usiku ya kutunza wazee. Mwenye ukaazi wa kudumu anayeishi katika jimbo lenye mpango kama huu aende ofisi ya misaada ya fedha ya chuo akaulize mambo mawili: jimbo linalipa kabla ya Pell au baada yake, na anayesoma nusu muda anahesabiwa au hahesabiwi? Kwa mama anayefanya kazi na kulea, jibu la swali la pili huwa na uzito kuliko ada yenyewe. Anayetoka Mombasa au Mwanza kwa visa ya mwanafunzi, kwa kawaida mipango hii haimhusu, Pell hapati, na chuo kilekile humtoza bei ya mgeni, mara kadhaa ya ile ya mkazi. Familia inayojiandaa kuuza kiwanja kwa kuwa imesikia Marekani kuna vyuo vya bure ipate kwanza bei hiyo kwa maandishi kutoka chuoni.