Wepesi Usiorahisisha Kazi: Miguu na Mikono ya Wanaanga Mwezini

Kila video za safari za Apollo za Mwezini zinaposambaa upya kwenye makundi yetu ya WhatsApp, mjadala huishia palepale. Mmoja atacheka jinsi wale watu wanavyorukaruka, mwingine atauliza mbona bendera inapepea ilhali Mwezini hakuna upepo. Mimi naishi Houston, mji ambako safari zile ziliongozwa, na maswali haya nimeyapenda siku zote kwa sababu majibu yake yanatufikisha kwenye jambo ambalo halisimuliwi vya kutosha: namna watu 12 walivyofanya kazi ngumu ya mikono mahali ambapo mwili ni mwepesi na kila kitu kingine ni kigumu.

La bendera ni fupi. Palikuwa na fimbo ya kulala juu yake ili kitambaa kisinyong'onyee. Kwenye Apollo 11, Julai 1969, fimbo hiyo haikuvutika hadi mwisho, kitambaa kikabaki na mikunjo. Ukichomeka mlingoti kwa kuuzungusha, kitambaa kinayumba, na kwa kuwa hakuna hewa ya kukizuia, kinaendelea kuyumba kuliko tulivyozoea.

La kuruka linahitaji maelezo zaidi.

Mvutano wa Mwezi ni moja ya sita ya ule wa Dunia. Vazi la Apollo pamoja na begi la mgongoni, lenye oksijeni, maji, betri na redio, lilifika kilo 80 na ushee hapa duniani. Kule mabega yaliliona kama kilo 14. Hesabu hiyo ndiyo inayotudanganya. Kilichopungua ni uzito, yaani nguvu ya kuvutwa chini. Tungamo, ule ukaidi wa kitu kizito kinapotakiwa kuanza kwenda au kusimama, halikupungua hata chembe. Kwa hiyo mwanaanga wa kilo 80 aliyevaa vazi lake alikuwa na kilo 160 za kusukuma na kusimamisha, huku soli zake zikikanyaga ardhi kwa nguvu ya mtoto wa kilo 27. Mshiko wa kiatu hutegemea uzito. Ndiyo maana Buzz Aldrin wa Apollo 11, aliyepewa kazi ya kujaribu mitindo ya kutembea mbele ya kamera, aliripoti kwamba ukitaka kusimama lazima upange hatua mbili tatu mapema, na ukitaka kukata kona uizunguke kwa upana. Kusimama ghafla ni kuanguka.

Kisha kuna mwendo wenyewe. Tunapotembea, mwili hupanda juu ya mguu uliokanyaga, halafu huporomoka mbele hadi mguu wa pili uupokee. Mwezini mporomoko huo ni wa taratibu mno. Ukiharakisha kidogo tu, kwa kasi ambayo hapa ingekuwa bado ni matembezi ya jioni, miguu yote miwili inaacha ardhi. Hawakuruka kwa furaha, ingawa furaha ilikuwepo; waliruka kwa sababu mwendo wa kutembea ulikuwa umekwisha. Aldrin alijaribu kuruka kwa miguu yote miwili kama kangaroo, na wengi baadaye wakachagua mtindo wa kudunda mguu mmoja baada ya mwingine, mwili ukielea katikati. Harrison Schmitt wa Apollo 17, mwanajiolojia aliyewahi kusoma Norwei, alitumia mwendo wa kuteleza wa watu wa huko wanaokwenda kwa skii kwenye theluji, na ukiangalia picha utaona alikuwa anakwenda kwa raha kuliko wengi.

Walianguka mara nyingi. Begi la mgongoni lilivuta kitovu cha uzito nyuma na juu, ndiyo sababu kwenye picha wote wanaonekana wameinama mbele kidogo. Kuanguka kifudifudi hakukuwa na neno: unasukuma ardhi kwa mikono, unasimama. Kuanguka chali kulikuwa hatari, kwa kuwa begi lile ndilo lililobeba uhai. Mwaka 1972 Charlie Duke wa Apollo 16 alijaribu kuruka juu kadiri awezavyo, akapinduka angani na kutua kwa mgongo. Begi lilihimili. Nikiitazama sehemu ile hadi leo moyo unanidunda.

Sasa tuje kwenye vazi, maana hilo ndilo lililoamua karibu kila kitu. Mwezini hakuna hewa, kwa hiyo vazi lilijazwa oksijeni kwa presha ya takriban robo ya ile ya usawa wa bahari. Robo inasikika ndogo. Lakini vazi lililojazwa hewa linataka kunyooka, na kila kiungo unachokunja unapigana nalo; ni kama kukunja tyubu ya baiskeli iliyojaa upepo, mchana kutwa. Lilishonwa na mafundi cherehani wanawake wa kampuni ya ILC huko Dover, Delaware, kampuni ndugu ya Playtex ya sidiria na korseti, tabaka juu ya tabaka, mshono ukiruhusiwa kukosea kwa chini ya nusu milimita. Nawaheshimu mafundi hao kama ninavyowaheshimu marubani. Ndani kabisa palikuwa na nguo yenye mirija myembamba ya maji yaliyozunguka mwilini kuchukua joto, kwa sababu ndani ya vazi lililofungwa jasho halina pa kwenda. Joto hilo lilitolewa kwa kuyaacha maji mengine yagande kwenye bamba lenye vitundu lililo wazi kwa ombwe, barafu ikageuka mvuke moja kwa moja na kuondoka na joto lake.

Glavu ndizo zilizotesa. Kushika nyundo kulikuwa kufumba kiganja dhidi ya presha, na mpini usipoushika kwa nguvu unachoropoka. David Scott wa Apollo 15, mwaka 1971, aliomba mikono ya vazi lake ipunguzwe ili ncha za vidole zifike mwisho kabisa wa glavu na apate kuhisi anachokishika. Alipata alichokitaka, na gharama yake ikawa kucha zilizobanwa hadi zikaachia nyama na damu kukusanyika chini yake.

Na ndiye aliyeangukiwa na kazi mbaya kuliko zote: drili. Ilikuwa drili ya betri, na kazi yake ilikuwa kutoboa mashimo mawili ya mita 3 hivi ya kuweka vipimajoto, ili wanasayansi wajue Mwezi unatoa joto kiasi gani kutoka ndani. Juu ardhi ilikuwa vumbi laini. Chini kidogo ilikuwa imeshindiliwa kwa mamilioni ya miaka kwa mapigo ya vimondo, na vipande vya keekee vilikuwa na kasoro: mifereji ya kupandishia udongo ilikatika kwenye maungio. Udongo ukakwama, keekee ikakaza. Scott akaegemea kwa nguvu zake zote, lakini kumbuka uzito wake. Mtu wa kilo 27 anayeegemea drili hazamishi kitu. Drili ndiyo inayotaka kumzungusha yeye. Mashimo yaliishia karibu nusu ya kina kilichotakiwa. Halafu likaja shimo la tatu, la kuchukua nguzo ya udongo ya zaidi ya mita 2. Bomba lake lilizama, likakataa kutoka. Siku ya pili yake ikabidi yeye na mwenzake James Irwin waweke mabega chini ya vishikio, kila mmoja upande wake, na kunyanyua kwa pamoja hadi likaachia. Scott aliumia bega. Nguzo ile ya udongo ikawa miongoni mwa sampuli zilizosomwa sana, matabaka yake yakieleza historia ndefu ya uso wa Mwezi.

Mafundi walijifunza. Apollo 16 ilipewa keekee zenye mifereji isiyokatika na jeki ya kung'olea. Duke alitoboa shimo la kwanza bila shida. Kisha mwenzake John Young akapita, waya wa kipimajoto ukamnasa mguuni, naye hakuhisi wala kuona, kwa kuwa ndani ya vazi lile mtu haoni miguu yake. Waya ukakatika, na jaribio zima likafa hapo.

Vifaa vingine vilitengenezwa kwa kukubali kwamba mtu hawezi kuinama. Koleo la kuokotea mawe lilikuwa na mpini mrefu. Sepetu nayo hivyo hivyo. Reki ilichambua vijiwe kutoka kwenye vumbi. Kamera ya Hasselblad ilifungwa kifuani, bila tundu la kuchungulia, na mpiga picha alilenga kwa kugeuza mwili mzima. Kabla ya kuokota jiwe muhimu, walisimamisha kando yake kifaa cha miguu mitatu chenye kijiti kilichoning'inia wima, ili picha ionyeshe ukubwa wa jiwe, mwelekeo wa jua na wapi ni chini. Kwa mwendo huo safari 6 zilirudi na kilo 382 za mawe na udongo, vipande vingi vikijulikana vilikaaje pale vilipookotwa.

Vumbi linastahili lawama yake. Hakuna maji wala upepo wa kuzisugua chembe zake, kwa hiyo kingo zimebaki kali, na sehemu yake ni kioo hasa, kilichoyeyushwa na vimondo. Lilikula kitambaa, likakwamisha pete za kufungia glavu, likaingia kwenye zipu. Waliporudi ndani ya chombo na kuvua kofia walilisikia likinuka baruti iliyolipuliwa, na Schmitt alipata mafua ya mzio.

Desemba 1972, kwenye bonde la Taurus-Littrow, Eugene Cernan wa Apollo 17 alipita karibu na gari ambalo yeye na Schmitt walilitumia kuzunguka Mwezini, na nyundo iliyokuwa kwenye mfuko wa mguuni ikanasa madigadi ya nyuma ya kulia, ikaing'oa. Aliirudisha kwa utepe wa gundi, lakini utepe haukushika vizuri juu ya vumbi, na njiani madigadi ikadondoka. Gurudumu likaanza kuwamwagia vumbi kichwani, na vumbi jeusi juu ya kifaa kwenye jua kali maana yake ni kifaa kupata moto kupita kiasi. Usiku ule, wanaanga hao wawili wakiwa wamelala, watu wa Houston, John Young akiwemo, walitafuta dawa kwa vitu vilivyokuwemo ndani ya chombo tu. Asubuhi maelekezo yakasomwa redioni: chukueni ramani nne, ziunganisheni kwa utepe mkiwa ndani, kisha mzibane garini kwa vibanio viwili vya taa ya darubini. Ilishika hadi mwisho wa kazi, na madigadi ile ya karatasi ikarudi Duniani.

 

Gari lenyewe lilikuwa la kilo 210, kila gurudumu na mota yake, na tairi za wavu wa waya wa chuma uliopakwa zinki. Lilikwenda kilomita 13 hivi kwa saa, na kwa mshiko ule mdogo, kila tuta liliwarusha. Hata mikanda ya viti ilisumbua: ilipimwa hapa duniani, ambako uzito hukandamiza vazi kitini, na kule vazi likabaki limevimba, mikanda ikawa mifupi. Apollo 17 walizunguka zaidi ya kilomita 35, ila hawakuruhusiwa kwenda mbali kuliko wanavyoweza kurudi kwa miguu gari likifa. Umbali wa juu ulikuwa kilomita 7 na nusu hivi kutoka kwenye chombo.

Kabla ya gari, Apollo 14 walikuwa na mkokoteni wa magurudumu mawili. Alan Shepard na Edgar Mitchell waliukokota kupanda kuelekea ukingo wa kasoko ya Cone, mapigo ya moyo ya Shepard yakifika 150 kwa dakika. Dira haifanyi kazi Mwezini. Hakuna ukungu wa kuonyesha kipi kiko mbali, hakuna mti wala nyumba ya kupimia, na upeo uko karibu, kilomita 2 na nusu tu. Kila kilima kilionekana ndicho. Muda ukaisha, wakaambiwa wageuke. Picha zilizosomwa baadaye zilionyesha kwamba walikuwa wamebakiza takriban mita 30.

Haya yote yanarudi sasa, kwa sababu Marekani inajiandaa kuteremsha watu upya Mwezini kupitia mpango wa Artemis, safari hii upande wa ncha ya kusini. Vazi jipya linatengenezwa na Axiom Space, hapa hapa Houston, na tabaka lake la nje walishirikiana na Prada ya Italia, jambo ambalo halinishangazi nikiwakumbuka wale mafundi wa Dover. Nyonga zina maungio ya kuzunguka na magoti yanakunjika kwa urahisi zaidi, mtu ataweza kuchuchumaa, naye ataliingia kwa mlango wa mgongoni. Mikono bado ni tatizo; wanaofanya kazi nje ya kituo cha anga wapo ambao hadi leo hupoteza kucha.

Ugumu mpya utakuwa wa macho. Kule kusini jua halipandi zaidi ya digrii chache juu ya upeo, kwa hiyo kila jiwe lina kivuli kirefu na shimo linaweza kujificha ndani yake. Kwenye bwawa la mazoezi la NASA, lenye kina cha mita 12, wapiga mbizi wamewahi kuzima taa zote, kutundika mapazia meusi ukutani na kubakiza taa moja yenye mwanga mkali chini ya maji. Aliyeupa mwanga kisogo, kivuli chake mwenyewe hufunika anachotaka kukishika. Aliyeuelekea haoni kitu mbele. Kwa hiyo wanajizoeza kulikabili jiwe kwa ubavu.