Maoni Yangu juu ya Vitabu Vitatu

Wako watu wengi wenye elimu ya kutosha ambao, tangu walipotoka shuleni, hawajafungua kitabu chochote ila kile walichoamriwa na kazi. Ukiwauliza sababu, hujibu kwamba hadithi ni uwongo, na mtu mzima hana haja ya uwongo. Mimi sikubaliani nao. Karibuni nimesoma vitabu vitatu jioni baada ya kazi ya afisi, na ningependa kuwaeleza wasomaji niliyoyaona humo, mema na mapungufu.

Cha kwanza ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapishwa mwaka 1934. Baba yake mwandishi alikuwa miongoni mwa watumwa waliookolewa, na habari za kutekwa, za safari ya jahazi na za maisha ya Freretown karibu na Mombasa zimeelezwa kwa lugha nyepesi iingiayo moyoni. Kwa hayo nakisifu sana. Lakini mwandishi amewamiminia waokozi sifa nyingi mno, hata mtumwa amebaki kama mzigo unaopakiwa na kupakuliwa. Yapasa tukumbuke kwamba wengi walijiokoa kwa miguu yao wenyewe. Watoro wa Fuladoyo, bara ya Malindi, walijijengea makazi na kulima mashamba. Shukrani ni wema, lakini isifute ushujaa wa mwenye kuteswa.

Cha pili ni Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Nchi ya Kusadikika inaelea angani, na humo Karama anashtakiwa kwa kosa la kufundisha sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa pande zote kutafuta mambo ya kuifaa nchi, nao waliporudi wakatiwa gerezani. Hapa ndipo wale wasemao hadithi ni uwongo wanaposhindwa. Hakuna nchi ya angani, lakini ni nani asiyewahi kumwona mtu aliyeleta shauri jema akalipwa adhabu? Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, alikuwa karani wa serikali kwa miaka mingi, na bila shaka aliyajua mabaraza ya wakubwa. Kasoro niionayo ni kwamba watu wake ni wema mtupu au wabaya watupu. Msomaji akisikia jina la Majivuno, amekwisha kumjua kabla hajafumbua kinywa.

Cha tatu ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kilichochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda katika mashindano ya hadithi. Mtu ameuawa, maiti yake imeonekana penye mzimu, na wengi wanatetemeka. Bwana Msa hatetemeki. Anauliza, anatazama, anapima maneno ya kila mtu, mpaka ukweli unatokea. Wengine hukidharau kitabu hiki kwa kuwa ni cha kujifurahisha. Mimi naona kinafundisha jambo kubwa bila mahubiri, yaani kwamba hofu si ushahidi. Upungufu wake ni kuwa Bwana Msa ana akili kupita kiasi. Laiti angepotea njia mara moja mbili, tungemwamini zaidi.

Kwa maoni yangu, hasara ya kutosoma si kukosa hadithi tu. Mtu asiyezoea kupima kitabu huamini kila kilichopigwa chapa, kwa kuwa kimepigwa chapa. Leo anapewa kitabu, kesho anapewa mkataba wa shamba au wa mkopo, naye anautia sahihi kwa imani ile ile. Nawasihi wasomaji wasome, tena wabishane na wanachokisoma. Ikiwa yuko anayeona kwamba nimemwonea Mbotela au nimempendelea Bwana Msa, na atoe hoja zake, tumsikilize.