Metali Juu ya Utando wa Molekuli

Molekuli zenye mnyororo wa kaboni 16 na salfa mwishoni hujipanga zenyewe juu ya dhahabu, zikafanya utando wa nanometa 2 hivi. Ralph Nuzzo na David Allara walieleza utando wa jinsi hiyo mwaka 1983. Je, mvuke wa metali ukitua juu yake, hubaki hapo?

Atomu za dhahabu hazibaki. Molekuli hutikisika daima. Nafasi hufunguka kitambo kidogo, nazo hupenya hadi chini. Umeme basi hupata njia ya mkato: mtafiti hudhani anapima molekuli, kumbe anapima dhahabu! Titani huzivunja molekuli zenyewe. Alumini nayo hupenya, ila ncha za molekuli zikiwa na kundi la kaboksili, huungana nalo ikabaki juu.