CHUMVI NA UMEME HUTUPA DAWA YA MAJI

Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kisha kikaenea mikoa mingine. Hapa Kiwalani ziko nyumba ambazo kisima na choo cha shimo vimo katika uwanja mmoja. Mvua ikinyesha, uchafu wa choo hupenya ardhini ukaingia kisimani. Maji huonekana safi, kumbe yana vijidudu.

Wengine husema, "Kisima chetu kina maji ya chumvi, vijidudu hufa." Sivyo. Vijidudu vya kipindupindu huishi vizuri hata mahali mto unapokutana na bahari.

Lakini chumvi hiyo hiyo ikipitishiwa umeme hutoa dawa. Chumvi ya kupikia imeundwa kwa vitu viwili, sodiamu na klorini. Ukiiyeyusha katika maji, vitu hivyo huachana. Sodiamu hubeba chaji chanya ya umeme, na klorini chaji hasi. Kiwandani hutumbukizwa vijiti viwili vya kupitisha umeme, kimoja chanya, kingine hasi. Chanya huvuta hasi. Kwa hiyo klorini hukimbilia kijiti chanya na kugeuka hewa. Kwenye kijiti hasi maji yenyewe huvunjika. Hapo hutoka hewa ya haidrojeni, na hubaki kostiki, ile ya kutengenezea sabuni. Klorini ikichanganyika na kostiki, ndiyo dawa ya maji ya chupa unayoinunua dukani. Kazi hii ya kutenganisha vitu kwa umeme huitwa elektrolisisi.

Usiijaribu nyumbani kwa betri ya gari! Hewa ya klorini huunguza koo na mapafu. Haidrojeni nayo hulipuka kwa cheche ndogo tu.

Ukinunua dawa, tazama kwanza tarehe yake, kwa maana joto na jua huipunguza nguvu. Chuja maji kwa kitambaa safi. Maji ya tope humaliza dawa kabla haijaua vijidudu. Pima kama maandishi ya chupa yanavyosema, koroga, funika, ungoje nusu saa. Harufu kidogo isikuudhi, ni alama kwamba dawa ingalipo. Usiichanganye kamwe na asidi ya kusafishia choo, maana hutoa hewa ya sumu.

Dawa ikikosekana, chemsha maji mpaka yatokote. Na mtu akiharisha choo kama maji ya mchele, mpeleke zahanati mara moja, huku ukimnywesha maji ya chumvichumvi njiani.