Tadbiri ya Safari ya Elimu

Katika mwaka 1917 Bhimrao Ambedkar, kijana wa Kihindi aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na sita, aliondoka London kurejea kwao hali masomo yake yamekatika katikati, kwa kuwa posho aliyokuwa akipewa na mtawala wa Baroda, iliyompeleka kwanza Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York mwaka 1913 na kumfikisha London mwaka 1916, ilikuwa imekoma. Yeye alisafiri katika meli hii, vitabu vyake vikapakiwa katika meli nyingine, na hiyo ya vitabu ikazamishwa na nyambizi ya Kijerumani. Kilichomrudisha hakikuwa upungufu wa akili wala wa bidii, kwani alikuwa nazo zote mbili kwa wingi. Kilichomrudisha ni hesabu ya muda na fedha.

Hesabu hiyo leo inawakabili Wahindi wengi mno. Marekani peke yake ilihesabu wanafunzi 363,019 kutoka India katika mwaka wa masomo wa 2024/25, mbali na walioko Kanada, Uingereza, Australia na Ujerumani. Safari zao hazilingani kwa masafa wala kwa gharama, lakini zina kanuni moja ambayo aghalabu hukumbukwa baada ya kuchelewa, nayo ni kwamba tadbiri ya safari ya elimu huanzia mwisho wake. Desturi ya nyumba nyingi ni kuanza na jina la chuo, kisha kutafuta fedha ya kulifuata, na mwisho kabisa kuuliza cheti kitakuwa na manufaa gani. Ilhali mwenye busara huuliza la mwisho kwanza.

Hakuna mahali ambapo swali hilo lina uzito kuliko katika udaktari. Nafasi za serikali katika vyuo vya udaktari vya India ni chache kwa kadiri ya wanaozitaka, na vyuo vya binafsi vina ada kubwa. Kwa sababu hiyo maelfu ya vijana huenda Urusi, Georgia, Kirgizia, Ufilipino na kwingineko, ambako ada ni nafuu. Lakini shahada inayopatikana huko haimpi mtu ruhusa ya kutibu India kwa kule kuwa nayo tu. Kanuni za India za mwaka 2021 zataka masomo yasipungue miezi 54, yafundishwe kwa Kiingereza, na yafuatwe na miezi 12 ya mazoezi ya hospitali katika taasisi ile ile. Mwanafunzi sharti awe amefuzu NEET, mtihani wa India wa kuingilia udaktari, na akirudi hana budi kukabili mtihani wa mchujo uliowekwa tangu mwaka 2002. Vita vilipozuka Ukraine Februari 2022, na maelfu ya wanafunzi wa Kihindi wakaokolewa kwa ndege, wengi wao walitambua hapo ndipo jinsi kanuni hizo zilivyo ngumu: kuhamia chuo cha nchi nyingine katikati ya masomo halikuwa jambo la kubeba vitabu na kuondoka. Aliyeyasoma masharti haya kabla ya kulipa ada ya kwanza amejiepusha na majuto ya miaka sita.

Mwisho ukishajulikana, hesabu hurudi nyuma mwezi kwa mwezi. Mitihani ya darasa la kumi na mbili ya bodi ya CBSE huanza katikati ya Februari na matokeo yake aghalabu hutoka mwezi Mei. Lakini mlango wa maombi ya Oxford na Cambridge, pamoja na udaktari katika vyuo vingi vya Uingereza, hufungwa 15 Oktoba ya mwaka uliotangulia, hata ikawa kijana huomba kwa alama za makisio ya walimu wake, hajafanya mtihani wenyewe. Ujerumani mlango huo hufungwa, kwa vyuo vingi, 15 Julai kwa masomo yanayoanza Oktoba, na mtu aweza kudhani kwamba ana wasaa. Kumbe tangu Novemba 2022 mwanafunzi wa Kihindi hutakiwa awe na ithibati ya APS, inayohakiki nyaraka zake, kabla ya kuomba viza, na tena miaka kumi na miwili ya shule peke yake haimtoshi kuingia moja kwa moja chuo kikuu cha huko. Hupaswa kwanza kumaliza mwaka wa chuo kikuu nyumbani, au kufaulu mtihani wa JEE Advanced kwa masomo ya ufundi, au kupita katika chuo cha matayarisho. Vivyo hivyo, mwenye shahada ya kwanza ya miaka mitatu, ambayo ndiyo desturi ya siku nyingi India, hukuta vyuo kadhaa vya Marekani vikimtaka awe na minne kabla ya kumkubali kwa shahada ya pili. Hata mtihani wa Kiingereza wa IELTS una muda wake, kwani matokeo hutambuliwa kwa miaka miwili tu: aliyeufanya mapema kwa ghera ya kujitayarisha huenda akalazimika kuulipia tena. Kwa kijana anayekusudia kuanza masomo Agosti, miezi kumi na minane ya matayarisho si mingi.

Katika miezi hiyo kuna kazi moja ndogo inayodharauliwa, nayo ni ya majina. Kusini mwa India, na hasa Tamil Nadu, watu wengi hawana jina la ukoo. Mtu hutanguliza herufi ya kwanza ya jina la baba, kisha jina lake mwenyewe, na maisha yake yote shuleni hupita hivyo bila taabu. Pasipoti hutaka jina la mtu na jina la ukoo katika visanduku viwili mbalimbali. Huyu huikunjua ile herufi ikawa jina zima, yule huacha kisanduku kimoja kitupu, na tangu hapo cheti cha shule na pasipoti hutaja watu wawili mbele ya karani asiyewajua. Mwenye jina moja tu, viza yake ya Marekani huandikwa FNU mahali pa jina la kwanza, yaani jina la kwanza halijulikani, na wapo walioanza maisha ya ugenini wakiitwa na wenyeji kwa herufi hizo tatu kana kwamba ndilo jina walilopewa na mama zao. Marekebisho ya jina nyumbani huchukua muda na viapo. Yakifanywa mapema ni usumbufu, yakifanywa Julai ni msiba.

Sasa tuje kwenye fedha, ambayo ndiyo nguzo ya tadbiri yote. Msomaji wa Kiswahili si mgeni kabisa katika mlango huu, kwa maana maneno yake kadhaa yalivuka bahari zamani pamoja na wafanyabiashara: laki yetu ndiyo laki yao, na hundi, bima na cheti vilevile vimetujia kutoka Bara Hindi. Tuchukue mfano wa kijana aliyekubaliwa kusoma miaka miwili Marekani kwa ada ya dola 30,000 kwa mwaka. Dola ikiwa ni rupia 85, ada ya miaka miwili ni laki 51. Ikiwa ni rupia 90, ni laki 54. Laki tatu zimeongezeka wala chuo hakikupandisha hata senti moja. Na huu si mfano wa kutishia watoto, kwani dola iliyokuwa kwa rupia 45 hivi mwanzoni mwa mwaka 2011 ilivuka rupia 90 Desemba 2025. Mzazi anayelipa kwa sarafu inayoshuka, kwa deni lililoandikwa katika sarafu nyingine, hana budi kuweka akiba juu ya makisio yake.

Wengi hawana laki hizo, hukopa. Kwa desturi ya benki za India mkopo wa elimu usiozidi laki saba na nusu hautaki rahani; ukizidi hapo benki hutaka nyumba, kiwanja au amana, ingawa baadhi yao hulegeza sharti hilo kwa vyuo vyenye sifa kubwa. Malipo husubiri mpaka masomo yamalizike na miezi sita au mwaka upite, na hapo ndipo wengi hudanganyika, maana malipo husubiri lakini riba haisubiri. Mkopo wa laki 40 kwa riba ya asilimia 10, ukichukuliwa wote siku ya kwanza, huzaa laki 10 katika miaka miwili na nusu ya kusubiri. Na hizo laki 50 zikilipwa kwa miaka kumi zataka takriban rupia 66,000 kila mwezi. Hiyo ndiyo tarakimu ya kuandikwa juu ya karatasi kabla ya jina la chuo chochote, na swali lake ni moja: kijana akikosa kazi ng'ambo na kurudi nyumbani, je, mshahara wa kazi yake India waweza kuubeba mzigo huo? Kama hauwezi, nyumba iliyowekwa rahani ndiyo itakayojibu.

Fedha hizo nazo zina njia yake ya kutokea. Benki Kuu ya India humruhusu kila mtu kupeleka nje mpaka dola 250,000 katika mwaka wa fedha unaoanza Aprili mosi, na tangu Aprili 2025 kiasi kinachozidi laki kumi hukatwa kodi ya awali, isipokuwa fedha ya mkopo wa elimu kutoka taasisi inayotambuliwa. Kodi hiyo haipotei, huhesabiwa katika hesabu ya kodi ya mwaka; lakini siku ya kulipa ada sharti iwe mkononi. Zaidi ya ada, kila nchi hutaka ushahidi wa riziki. Ujerumani iliweka, tangu Septemba 2024, yuro 11,904 katika akaunti iliyofungwa, ambayo humpa mwenyewe yuro 992 kila mwezi. Uingereza hutaka fedha iwe imekaa benki siku 28 mfululizo. Kanada iliyokuwa ikiridhika na dola zake 10,000 ilipandisha kiasi hicho mpaka 20,635 Januari 2024, na 22,895 Septemba 2025. Aliyejipanga kwa habari za binamu yake aliyetangulia miaka mitatu nyuma amejipanga kwa nchi ambayo haipo tena.

Baada ya fedha hubakia viza, na hapa hofu imejijengea hata ibada yake. Huko Chilkur, nje kidogo ya Hyderabad, liko hekalu la mungu Balaji ambalo watu wamelibandika jina la Balaji wa Viza: mwombaji hulizunguka mara 11 akiweka nadhiri, na haja yake ikitimia hurudi kulizunguka mara 108, mkononi ana karatasi yenye namba zilizochapishwa azifutefute asije akapoteza hesabu. Haifai kumcheka, kwa kuwa sheria ya Marekani ya mwaka 1952 humchukulia kila mwombaji kuwa mhamiaji mpaka athibitishe kinyume, na ofisa aliye nyuma ya kioo humwamulia kwa maswali ya dakika chache. Ambaye amekwisha kujibu nyumbani kwa nini somo hili, kwa nini chuo hiki, nani analipa na nini kinafuata, hana jipya la kubuni mbele ya kioo. Aliyejazwa majibu na wakala hutambulikana upesi. Na wakala mwenyewe aghalabu hulipwa ujira na chuo kwa kila mwanafunzi anayempeleka, hivyo ushauri wake una mwelekeo; mwaka 2023 Kanada iligundua wanafunzi kadhaa kutoka Punjab walioingia kwa barua za kukubaliwa zilizoghushiwa, na baadhi yao walisema hawakuwa na habari mpaka siku walipoitwa. Barua ya chuo huulizwa chuoni kwenyewe, tena kabla ya kupanda ndege.

Ambedkar naye alirudi London. Alifundisha katika Chuo cha Sydenham mjini Bombay, akadunduliza mshahara, akasaidiwa na mtawala wa Kolhapur, akakopa kwa rafiki, na mwaka 1920 akavuka bahari tena. Tasnifu iliyompatia udaktari wa sayansi (D.Sc.) katika uchumi mwaka 1923 ilihusu tatizo la rupia, nayo ikatoka kitabu mwaka huo huo. Lakini yote hayo yaliwezekana kwa sababu ya jambo moja alilokuwa amelitengeneza mwaka 1917, mkoba wake ukiwa mtupu: kabla ya kuondoka alipata ruhusa ya kurudi kumaliza tasnifu yake ndani ya miaka minne. Vitabu vilizama, ruhusa ile ilimngojea.