Sweta la kaka limfae dada: namna ya kurekebisha sweta la kufuma kwa mkono bila kuliharibu

Hapa Makuyuni sweta hukaa sandukuni karibu mwaka mzima. Joto la ukanda huu wa chini, kutoka Segera hadi Mombo, halimruhusu mtu kulivaa zaidi ya asubuhi chache za kipupwe. Lakini ukifika Mombo ukakata kulia, ukapanda zile kona za Soni hadi Lushoto, mambo hubadilika. Safari ni ya kilomita thelathini na kitu tu, ila mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa kawaida hewa hupoa kwa nyuzijoto 6 hivi kila unapopanda mita 1,000. Kule sweta si pambo.

Ndiyo maana suala hili hurudi kila mwaka wanafunzi wanapopangiwa shule za bweni za milimani. Kidato cha tano huanza Julai, baridi ikiwa kali. Ada ya shule za serikali ilifutwa kuanzia 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na 2022 kwa kidato cha tano na sita, lakini sare bado ni mzigo wa mzazi. Kwa hiyo familia nyingi hufungua sanduku na kutoa sweta la mtoto aliyetangulia.

Mama mmoja wa hapa kwetu alifanya hivyo. Sweta lilikuwa la kijana wake mkubwa, limefumwa na bibi yao ambaye sasa ni marehemu. Binti aliyepangiwa shule ya mlimani ana kifua kipana kuliko kaka yake na mikono mirefu. Mama akalipeleka kwa fundi cherehani, fundi akakata ubavu kwa mkasi ili aongeze kitambaa, kama anavyofanya kwenye shati. Kufikia jioni upande mmoja ulikuwa unafumuka wenyewe. Sweta lile liliokolewa baadaye na mama anayejua kufuma, na tumeona ni vizuri tueleze alichofanya, hatua kwa hatua.

Kwa nini mkasi ni hatari

Kitambaa cha shati kimefumwa kwa nyuzi nyingi zinazopishana, za kwenda na za kukata. Ukikata, nyuzi za pembeni huchomoka kidogo na kuishia hapo. Sweta ni uzi mmoja mrefu uliopindwa vitanzi, kila kitanzi kimeshikwa na mwenzake wa juu. Ukikata kimoja, cha chini yake kinabaki bila wa kumshika, nacho kinaachia kinachofuata. Ufa unateremka kama ngazi.

Ubaya huo huo ndio wema wake. Kwa kuwa ni vitanzi, sweta linaweza kufunguliwa mahali unapotaka, likaongezwa, likafungwa tena. Anayejua kufuma anajua pia kufumua, na kazi yote ya kurekebisha iko kati ya maneno hayo mawili.

Pima mwili, pima sweta, hesabu vitanzi

Usianze na sindano, anza na futi ya fundi. Mpime mtoto akiwa amevaa shati la shule: mzunguko wa kifua, mzunguko wa tumbo, na urefu wa mkono kutoka kwapani hadi kiganjani. Kisha tandaza sweta mezani bila kulivuta, upime sehemu hizo hizo.

Binti yule alikuwa na kifua cha sentimita 92, na sweta lilikuwa na mzunguko wa 88. Sweta la kuvaliwa juu ya shati linahitaji nafasi ya sentimita 6 hadi 10 zaidi ya mwili. Tukichukua 8, lilitakiwa kufika 100. Pengo ni sentimita 12, yaani 6 kila ubavu.

Sasa weka futi juu ya sweta, uhesabu vitanzi vilivyomo ndani ya sentimita 10 kwa upana, halafu mistari iliyomo ndani ya sentimita 10 kwa urefu. Lile lilikuwa na vitanzi 18 na mistari 24. Sentimita 6 za ubavuni ni vitanzi 11 hivi. Ongeza kimoja kila upande cha kumezwa na mshono, unapata 13. Mkono ulipungua sentimita 7, ambazo ni mistari 17. Hesabu hii ya dakika kumi inakuokoa kufuma kitu mara mbili.

Kifua au tumbo likibana: kipande cha ubavuni

Masweta mengi ya mkono hufumwa vipande vinne, yaani mbele, nyuma na mikono miwili, kisha vikashonwa pamoja. Tafuta mshono wa ubavuni kwa ndani. Kata uzi wa mshono tu, polepole, penye mwanga wa kutosha, ukihakikisha hugusi vitanzi vya sweta lenyewe. Fungua kutoka pindo hadi kwapani, na uendelee chini ya mkono hadi karibu na kiganja.

Fuma ukanda mmoja mrefu wa kujaza nafasi hiyo. Uwe na upana kamili kuanzia pindo hadi kwapani, halafu uupunguze kitanzi kimoja kimoja kadiri unavyoelekea kiganjani mpaka uishe. Mikono minene nayo itapata nafasi. Shona ukanda kwa sindano butu na uzi wa sweta, bila kukaza sana, maana mshono uliokazwa haunyooki na utakatika mtoto akivua.

Uzi mpya mara nyingi haufanani kabisa na wa zamani, hata ukinunua rangi ile ile, kwa sababu la zamani limefuliwa na kupigwa jua kwa miaka. Ubavuni ndipo tofauti hiyo huonekana kidogo kuliko mahali pengine popote, kwani mkono hupaziba.

Kama tatizo ni tumbo peke yake, kwa mfano kwa mama mjamzito au mtu mzima aliyenenepa, ukanda uanze mpana kwenye pindo na upungue kuelekea kwapani, ili mabega yasilegee.

Mkono mfupi au kiwiliwili kifupi

Hapa ndipo watu huogopa zaidi, na ndipo pana siri kubwa. Chagua mstari mmoja juu kidogo ya lile pindo linalovutika kama mpira. Pitisha uzi wa rangi nyingine ndani ya kila kitanzi cha mstari huo, kuzunguka mkono wote. Huo ni uzi wa ulinzi. Baada ya hapo kata kitanzi kimoja kwenye mstari wa chini yake, uchomoe uzi wa mstari huo taratibu hadi pindo litengane. Vitanzi vya juu haviendi popote, vimeshikwa.

Virudishe kwenye sindano za kufumia, uondoe uzi wa ulinzi, ufume mistari inayohitajika kuelekea chini, kisha umalizie kwa pindo jipya. Ukishafumua lile pindo la zamani, uzi wake unaweza kutumika tena. Kwenye mfumo wa kawaida ulio laini mbele, maungio hayaonekani. Kwenye mistari ya pindo au maua ya kusuka, vitanzi vitapishana kwa nusu, hivyo usikatie hapo. Na kwa sare yenye mistari ya rangi za shule kwenye viganja, irudishe kama ilivyokuwa ili mtoto asipate shida getini.

Mabega kuteremka na sweta kuwa kubwa

Sweta zito huvutwa na uzito wake likateremka mabegani. Shona utepe wa kitambaa kwa ndani, juu ya mshono wa bega, kutoka shingoni hadi mwanzo wa mkono. Utepe hauvutiki, kwa hiyo bega linabaki mahali pake.

Kupunguza upana ni kazi ya cherehani, ila kwa utaratibu wake. Piga mishono miwili sambamba, midogo midogo, kwenye mstari mpya wa ubavuni, kisha ndipo ukate kwa nje. Mishono hiyo inakamata kila kitanzi. Hata hivyo kwa mtoto anayekua tunashauri usikate kabisa, ukunje tu kwa ndani na kushona, mwakani utafumua.

Jua uzi wako kabla ya maji na pasi

Chomoa kipande kidogo cha uzi, ukishike kwa koleo, ukichome mbali na nguo. Sufu hunuka kama nywele zinazoungua na huacha majivu yanayosagika. Uzi wa akriliki, ambao uko kwenye maduka mengi, huyeyuka na kuacha punje ngumu.

Sufu ikilowa inakubali kuvutwa kidogo na kukaushwa kwa umbo unalotaka, ikitandazwa, si kwa kuning'inizwa. Lakini isifikichwe kwenye maji ya moto, itajikaza na kurudi nyuma isinyooke tena. Akriliki haibadiliki sana kwa maji, ila pasi ya moto huilaza moja kwa moja, ikapoteza ule uwezo wa kuvutika. Uzi uliofumuliwa wa sufu uzungushe uwe shada, ufunge sehemu nne, uuloweshe, utundike ukiwa na uzito mdogo chini yake. Mikunjo itaondoka.

Sweta lililofumwa kwa mzunguko, bila mshono wa ubavuni, halina pa kufungulia upana. Mwenye sweta hilo amtafute mfumaji mzoefu kabla ya kushika mkasi.

Yule binti alipanda Lushoto na sweta lake, ukanda mpya ubavuni na viganja vipya. Mama yake anasema kifua chote na mgongo bado ni kazi ya bibi. Kama nawe una sweta sandukuni, lipime wiki hii, kabla fomu ya kujiunga haijakukuta na haraka.