Floraidi ya Arusha na Floraidi ya Potomac

Mtu aliyekulia Arusha au Meru akihamia Maryland huja na tahadhari ambayo majirani zake wapya hawaielewi. Anasimama mbele ya rafu ya dawa za meno katika duka la Silver Spring au Hyattsville, anageuza boksi, anaona neno floraidi, analirudisha lilipokuwa. Tangu utotoni ameyaona meno ya kahawia: ya jirani, ya shangazi, pengine yake mwenyewe. Ameambiwa chanzo ni maji, na ndani ya maji ni floraidi. Kwa nini basi ainunue kwa dola na kuipaka kwenye meno ya mwanawe?

Swali hilo ni la haki kabisa, na sehemu kubwa ya jibu lake ilitafutwa hapa hapa, eneo la Washington.

Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alianza kazi Colorado Springs na kukuta wenyeji wengi wana madoa ya kahawia yasiyotoka hata kwa kusugua. Fumbo hilo lilimsumbua kwa miaka 30, hadi mkemia H. V. Churchill alipopima maji mwaka 1931 na kukuta yana floraidi nyingi. Mwaka huohuo Huduma ya Afya ya Umma ya Marekani ilimkabidhi H. Trendley Dean kazi ya kuchunguza suala hilo. Sayansi ya floraidi, basi, ilianzia kwenye meno kama ya Arusha. Hata asili yake inafanana: kule ni miamba ya mlima Pikes Peak, kwetu ni miamba ya volkano ya Mlima Meru na Bonde la Ufa, ukijumlisha na magadi yanayotiwa kwenye maharage na makande.

McKay alikuwa ameona jambo la ajabu. Meno yale yenye madoa hayakuoza sana. Dean alitaka kujua ni kiasi gani cha floraidi kinacholinda jino bila kulichafua. Katika uchunguzi wake maarufu wa miji 21 alilinganisha meno ya watoto 7,257, akaona kwamba penye karibu miligramu 1 ya floraidi kwa lita ya maji, meno yalioza kidogo sana kuliko pasipo nayo, na madoa yalikuwa hafifu mno. Tarehe 25 Januari 1945, Grand Rapids katika jimbo la Michigan ukawa mji wa kwanza duniani kuongeza floraidi kwenye maji ya bomba. Mwaka 1948 Rais Truman alisaini sheria ya kuanzisha taasisi ya taifa ya utafiti wa meno, ambayo leo iko Bethesda, na Dean akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Jiji la Washington lilianza kutia floraidi mwaka 1952.

Leo kiwango kinachopendekezwa Marekani ni miligramu 0.7 kwa lita, na ndicho kinacholengwa katika maji ya mto Potomac yanayosafishwa kwa ajili ya Washington. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi 1.5. Chemchemi na visima kadhaa vya Arusha huvuka kiwango hicho mara kadhaa. Madini ni yaleyale, kipimo ndicho kinachotofautiana, na umri pia una sehemu yake: madoa hutokea wakati jino bado linaumbwa ndani ya ufizi, hadi mtoto afikishe takribani miaka 8. Mtu mzima hawezi kupata madoa hayo kwa kupiga mswaki na dawa yenye floraidi, hata akitumia miaka 50.

Ni kweli kwamba mjadala haujaisha. Mwaka 2024 mpango wa taifa wa Marekani wa kuchunguza sumu ulitoa ripoti iliyohusisha maji yenye zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita na kushuka kwa kiwango cha akili kwa watoto, huku ukisema ushahidi kuhusu kiwango cha 0.7 hautoshi. Mwaka 2025 majimbo ya Utah na Florida yalipiga marufuku kutia floraidi kwenye maji ya umma. Mimi naisoma ripoti ile kama onyo kubwa zaidi kwa Arusha na sehemu nyingine za Bonde la Ufa, kama Nakuru, kuliko kwa Washington. Na hata hivyo, maji tunayokunywa ni jambo moja, dawa ya meno tunayoitema ni jambo lingine.

Kazi ya floraidi iko juu ya jino. Bakteria wa mdomoni wakipata sukari hutoa asidi, na asidi hunyonya kalsiamu na fosfeti kutoka kwenye enameli. Mate hurudisha madini hayo polepole. Floraidi ikiwepo, urejeshaji huenda kasi zaidi na enameli inayojengwa upya huwa ngumu kuliko ya awali mbele ya asidi. Ndiyo maana nashauri uteme povu bila kusukutua kwa maji mengi. Ukisukutua kwa nguvu, unamwaga kwenye sinki kile ulichokinunua.

Sasa tugeuze boksi. Kwa sheria ya Marekani, dawa ya meno yenye floraidi ni dawa kweli, na inasimamiwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa, ambayo makao yake yako White Oak, Silver Spring. Kwa hiyo nyuma ya boksi lazima pawe na jedwali la kiambato na kiasi chake. Utakuta sodiamu floraidi ya karibu asilimia 0.24, au stanasi floraidi ya asilimia 0.454, au sodiamu monoflorofosfeti ya asilimia 0.76. Zote hukupa takribani sehemu 1,000 hadi 1,150 za floraidi kwa milioni, na kiasi cha kuanzia 1,000 ndicho kilichothibitishwa kuzuia meno kuoza. Boksi la bei ya chini lenye namba hizo linafanya kazi hiyo sawasawa na la dola nane. Stanasi ina faida ya ziada kwa fizi, na potasiamu nitreti ya asilimia 5 husaidia meno yanayouma kwa baridi. Maneno ya mbele ya boksi, kama vile asilia, nyeupe kabisa au nguvu ya mkaa, hayakupi kipimo chochote.

Tuangalie hasa mkaa, maana sisi tumeujua kabla haujatiwa kwenye tyubu nyeusi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore, walipitia maandiko yaliyokuwepo kuhusu dawa za meno za mkaa, wakakuta hakuna ushahidi wa kutosha kwamba zinafaa wala kwamba ni salama. Mkaa husugua, na enameli iliyolika haioti tena. Kijiti cha mswaki nacho nakiheshimu. Kikitumiwa kwa utaratibu husafisha vizuri. Ila hakikupi floraidi ya kutosha, kwa hiyo ukitumie pamoja na dawa ya meno.

Bei ya chini isikuondolee umakini. Juni 2007 FDA ilitangaza kwamba dawa bandia yenye jina la Colgate, iliyodaiwa kutoka Afrika Kusini, imekutwa kwenye maduka ya bei rahisi ya majimbo manne, Maryland likiwemo. Ilionekana haina floraidi, na huenda ilikuwa na dietilini glikoli, kemikali yenye sumu. Jina la nchi lilichapwa kwa makosa, AFRLCA badala ya AFRICA. Boksi lenye makosa ya tahajia liache palepale.

Kwa upande wa fizi, dawa ina sehemu ndogo. Mwaka 1965 Harald Løe na wenzake, huko Aarhus, Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi zenye afya waache kabisa kupiga mswaki. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudia kusafisha, fizi zikapona kwa muda wa wiki moja hivi. Løe baadaye aliiongoza taasisi ya Bethesda, kuanzia 1983 hadi 1994. Majaribio yake yalionyesha kwamba adui wa fizi ni ukoga, ule utando laini unaojengeka upya kila siku. Ukiachwa hugeuka ugaga mgumu ambao mswaki hauuwezi tena.

Ukoga huondolewa na mkono wako. Nunua mswaki wenye nywele laini, ulaze kwa pembe pale jino linapokutana na fizi, sugua kwa dakika mbili, asubuhi na usiku. Miswaki ya umeme ina faida ya kweli: mapitio ya mwaka 2014 ya Cochrane, mtandao unaochambua tafiti za afya, yaliyokusanya majaribio 56, yaliona ukoga umepungua kwa asilimia 21 zaidi baada ya miezi mitatu. Lakini mswaki wa kawaida ukitumiwa vizuri unatosha. Katikati ya meno tumia uzi, au vibrashi vidogo pale penye mwanya. Dawa ya kusukutua ni nyongeza tu.

Kwa mtoto chini ya miaka 3, paka dawa kiasi cha punje ya mchele, na kuanzia 3 hadi 6, punje ya njegere. Simama karibu naye, umfundishe kutema.

Na jino likianza kuuma, usitegemee rafu ya dukani. Februari 2007, katika kaunti ya Prince George's, Deamonte Driver, mvulana wa miaka 12, alifariki baada ya usaha wa jino kusambaa hadi kwenye ubongo. Kung'oa jino lile kungegharimu takribani dola 80. Kama huna bima, uliza kliniki za vyuo vya meno, ambako wanafunzi hutibu wakisimamiwa na madaktari kwa bei nafuu: Howard jijini Washington, ambacho chuo chake cha meno kilianza 1881, na Chuo Kikuu cha Maryland kule Baltimore. Fizi zikitoka damu kwa zaidi ya wiki mbili ilhali unapiga mswaki vizuri, piga simu ya miadi leo.